Gari Isiyo na Maiti

Mwezi wa nane tulikuwa na msiba Mvumi. Nimefika saa saba mchana, jua la utosi, vumbi mpaka kwenye kope, na magari yamepangwa mbele ya nyumba utadhani yadi ya kuuzia magari, Hilux, Hilux, Prado, Hilux. Nikapunguza mwendo, nikayaangalia, nikapitiliza. Pikapu yangu nikaenda kuizungusha nyuma ya mbuyu, mbali kabisa, halafu nikarudi kwa miguu na kanga yangu begani.

Baba mdogo alikuwa kakaa na wazee wenzake kwenye mkeka. Nikainama nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Gari umeiacha wapi mama, mbona sijaiona?"

"Nimeiweka kule kivulini, baba."

Akageuka akautazama mbuyu. Mbuyu wa mwezi wa nane, jamani. Hauna jani hata moja.

Hakusema kitu. Alitoa kicheko kidogo cha puani akarudi kwenye stori zao. Tumezika, tumekula, nimerudi mjini, wiki zinakatika na kile kicheko bado ninacho sikioni.

Kwa sababu ile gari sijaiiba. Nimeinunua kwa hela yangu, kadi ina jina langu, sidaiwi na mtu. Sasa nilikuwa namficha nani?

## Ndiyo, ni ya Mchina

Wanaonifahamu wanajua nauza pampu za maji na mabomba hapa Dodoma, mpaka wateja wameshaniita Mama Pampu na nimekubali. Wengi ni watu wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, wachache wana mpunga Bahi. Pampu mtu anakuja kununua dukani, lakini kufunga unamfuata kulekule kwake, na huko anakokaa lami ni hadithi. Kwa hiyo pikapu kwangu ni kama jembe.

Jina la kampuni silitaji, mtanisamehe, kuna mambo nitayasema huko chini.

Hesabu niliyopiga ni hii. Hilux dabo kebini mpya ukiitoa ukaweka hii ya Mchina mpya, chenji inayobaki inanunua kiwanja Nala na msingi unaanza. Au nichukue Hilux iliyotumika, ambayo dalali anaapa imetembea kilomita elfu themanini huku usukani umelika mpaka unang'aa kama sahani. Nikaona bora yangu ya kwanza, haina mtu aliyeifungua kabla yangu, kioo kikubwa kati, kamera ya nyuma, garantii kwenye karatasi.

Kashfa zikaanza siku ya kwanza. Kijana wa kituo cha mafuta akaniuliza, "Dada, Toyota zilikuwa zimeisha?" Bodaboda mmoja pale Sabasaba akachungulia dirishani, akaona kile kioo, akasema, "Hii sasa ni gari au ni simu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mpaka anaondoka ndo nikaona pikipiki aliyoikalia ni SanLG.

Mchina mwenzangu yule!

Na haohao wanaocheka, Ijumaa wanapanda Yutong au Zhongtong kwenda Mwanza, wanalala usingizi mpaka wanakoroma, hakuna anayeuliza basi limezaliwa wapi. Kwenye basi tumeshasahau. Kwenye gari ndogo bado, kwa sababu gari ndogo kwetu ni zaidi ya usafiri, ni benki. Hilux unainunua leo, unaitumia miaka sita, ada ya mtoto ikibana unaitoa kwa siku mbili na bei inakuwa bado ina heshima. Ya kwangu nikitaka kuiuza kesho sijui hata nimpigie nani, na hilo halinipi usingizi mzuri, nisidanganye.

## Korongo

Miezi ya mwanzo gari ilipiga kazi. Kongwa, Mpwapwa, mabomba juu mafundi nyuma, haikuwahi kunidai kitu zaidi ya oili na filta.

Ikaja masika. Mwezi wa tatu narudi kutoka Hombolo, kakorongo kadogo tu, maji hayafiki hata magotini, nimepita salama, nimepanda ng'ambo, taa ya injini ikawaka. Gari ikapoteza nguvu. Haikuzima, ilikataa tu kuvuta, ukikanyaga inaguna, nikatambaa nayo mpaka mjini huku punda wa maji wananipita.

Fundi wangu wa Kizota akachomeka mashine yake, akasoma, akazama chini ya boneti na tochi mdomoni. Akatoka na kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Sensa ya presha ya dizeli. Akakifuta kwa shati, akanionyesha maandishi: kampuni ya Ujerumani.

"Kilichokufa hapa hata sio cha Mchina," akasema.

Basi tafuta kingine. Alivyokuwa navyo soketi zikakataa. Nikawapigia walioniuzia, wakanijibu kwa upole kabisa kwamba kinaagizwa, wiki mbili. Zikawa tatu. Ikafika ya tano ndo kikaja. Muda wote huo gari mpya, ina garantii, imelala gereji inatagiwa na kuku, na mimi nakodi Canter ya watu kupeleka mabomba, na kila mteja nikimpa bei mpya ya usafiri namwona anavyonitazama.

Siku moja nimeenda kulia lia pale gereji, fundi akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Dada, gari yako haina ubaya. Tatizo lake haina maiti."

Nikamwambia sijakuelewa.

"Hilux ikikufia hapa, napiga simu Gerezani, kule Dar kwenye spea, kuna jamaa ana maiti ishirini zimelala. Namwambia toa ini, toa figo, katia na mguu wa kulia, weka kwenye basi la usiku. Asubuhi napokea stendi, mchana unaondoka. Hii yako nani kaifia? Hakuna. Zote ziko barabarani ni nzima. Gari nzima hainisaidii kitu mimi."

Nimeliwaza hilo neno sana. Tunavyoisifia Hilux tunasema ngumu, haifi. Kumbe tunaiamini kwa sababu zimekufa nyingi! Zimepinduka Kibaigwa, zimegonga ng'ombe Manyoni, zimeungua, na kila iliyokufa imewaachia viungo zinazoishi. Hiyo imani ya "Toyota spea zipo" wameijenga marehemu.

Ya kwangu ni kama mtu aliyehamia mtaa ambao hana ndugu hata mmoja.

## Shaba au aluminiamu

Sasa hapa ndo pagumu.

Baada ya ule msiba nilianza kujiuliza hili neno "Mchina" tumeanza lini kulitumia kama tusi. Maana mimi nimekulia kwa babu, na babu alikuwa na baiskeli ya Phoenix, imetoka Shanghai. Ile baiskeli imebeba mahindi, imebeba wagonjwa, imenibeba mimi na madumu mawili ya maji, babu amefariki tumemzika baiskeli imebaki imeegemea ukuta na kengele yake inalia. Kwa babu, China walikuwa ni wale waliokuja kujenga TAZARA, kilomita 1,860, 1970 mpaka 1975, na kiwanda cha Urafiki kilichovalisha kanga mama zetu. Sijawahi kumsikia babu akisema Mchina kwa kubetua midomo.

Kwa hiyo kuna mahali katikati jina liliharibika. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka zile simu zenye laini mbili, antena ya kuvuta ya TV na spika inayosikika mtaa wa tatu, ziki-"kula chaji" zinavimba tumbo.

Ila siwezi kuishia kwenye simu za watu. Mimi mwenyewe nilikuwepo jina likiharibika.

Miaka ile naanza biashara niliagiza pampu kwa WeChat, kiwandani Wenling, huo ni mji wa pampu huko Zhejiang, naambiwa ukitupa jiwe linaangukia kiwanda. Binti aliyekuwa ananihudumia akanitumia picha mbili. Pampu mbili, rangi moja, stika moja, ukubwa uleule. Akauliza, waya wa ndani unataka shaba au aluminiamu? Akaandika na uzito wa kila moja, ya shaba nzito. Akaandika na bei.

Nikamjibu neno moja tu. Rahisi.

Akauliza tena, una uhakika? Nikamwekea dole gumba.

Zikaja, zikauzika kama maandazi, nikajiona mjanja. Baada ya msimu mmoja mzee mmoja wa Hombolo akaja dukani na pampu kwenye kiroba. Kabla hajafungua nikasikia harufu, ile harufu ya vanishi iliyoungua, ukishaisikia hauisahau. Tukaipeleka kwa fundi anayesuka mota. Akavuta uzi mmoja wa waya, kwa nje mwekundu mzuri kabisa, akaukwangua na ncha ya kisu. Ndani mweupe pee.

"Mzee, hii sufuria," fundi akamwambia. "Umeuziwa sufuria."

Mzee wa watu akanigeukia, wala hana hasira, akasikitika tu. "Ndo vitu vya Mchina hivi, mama."

Na mimi nikamjibu, "Yaani acha tu baba."

Acha tu!

Mchina aliniuliza mara mbili. Mimi ndo nilichagua sufuria, nikaipaka jina lake, nikamwachia yeye aibu nikabaki na faida. Yule mzee nilimpa nyingine baadaye, ya shaba, nikamwambia ni ofa ya duka. Sikuwahi kumweleza kwa nini. Ukitembea Kariakoo leo ukamuuliza mfanyabiashara mkweli, kama yupo, atakwambia hivyohivyo, kiwanda kimoja kinatoa daraja la kwanza na la tatu mlango uleule, tofauti ni mnunuzi alisema nini.

Simaanishi Mchina ni malaika, wapo waliotupiga bila kuulizwa chochote. Ila pale nyuma ya mbuyu nilikuwa naona aibu ya neno ambalo nimesaidia kulitengeneza.

## Mjapani wa Durban

Mwezi wa kumi nikaamua kwenda kumsalimia baba mdogo, na safari hii nikapaki mlangoni kabisa, bampa inagusa ngazi.

Akatoka nje. "Naona leo kivuli kimehamia huku."

Nikataka ardhi ipasuke.

Baba mdogo amekuwa dereva maisha yake yote, alianza na Landrova za serikali miaka ile. Akaizunguka pikapu yangu, akapiga teke tairi, akachungulia springi za nyuma, halafu akaketi akaanza kucheka peke yake. Akasema, unajua Datsun zilivyoanza kuingia tulikuwa tunaziitaje? Bati. Wenye Landrova na Peugeot tulikuwa tunawapita tunapiga honi kuwacheka. Mpaka 1970 Datsun ikachukua Safari Rally, mwaka 1971 ikachukua tena, ndo midomo ikafunga.

Na Datsun haikuchekwa peke yake. Toyota walivyopeleka gari yao ya kwanza Marekani, Toyopet Crown, 1958, iliwashinda zile barabara kuu za mwendo kasi, injini haina pumzi, inachemka, ikabidi wairudishe nyuma wajipange upya. Neno "imetengenezwa Japani" enzi hizo lilikuwa na maana ileile ya "Mchina" wetu. Hilux yenyewe imezaliwa 1968, haikushuka kutoka mbinguni na heshima mkononi.

Nikapata nguvu, nikamwambia baba, twende tukaone na ya kwako. Hilux yake nyeupe, anaiita "Mjapani", anaiosha mwenyewe hataki mtoto aiguse. Nikamwomba anisomee namba ya chesisi. Akavaa miwani. A, H, T...

Chesisi ya gari iliyozaliwa Japani kwa ajili ya kuuzwa nje huanza na J. AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, kiwanda chao kipo Durban. Zile zinazoanza na MR0 ni za Thailand. Ya kwangu inaanza na L, hiyo ndo China.

"Kwa hiyo huyu Mjapani wangu ni Mzulu?" akauliza.

Tulicheka mpaka mama mdogo akatoka jikoni.

Lakini usiku nikiwa narudi nikawa naliwaza hilo kwa upande mwingine, maana viwanda vimehama sana na sisi bado tunataja nchi kama vile gari lina kabila. Rayong kule Thailand palikuwa na kiwanda cha GM, Wamarekani, wanatoa pikapu za Chevrolet Colorado. 2020 GM wakaondoka, aliyenunua ni Great Wall, kampuni ya China. Brazili hivyohivyo, Great Wall wamechukua kiwanda cha Mercedes-Benz Iracemápolis, BYD, Wachina wengine, wamekaa alipokuwa Ford kule Camaçari. Australia wao walifunga kabisa, Toyota wamezima kiwanda chao 2017, Hilux za huko zinatoka Thailand. Foton wa Beijing pikapu yao ya Tunland waliifunga injini ya Cummins, jina la Marekani, inatengenezwa Beijing. Sasa hiyo uiite nani? Mwaka 2023 China imeipita Japani kwa kuuza magari nje, karibu milioni 4.9 kwa mwaka mmoja.

Kuna na kichekesho cha kuku. Wamarekani wanatoza pikapu za nje ushuru wa 25% tangu 1964, na chanzo chake ni kwamba Ulaya walikuwa wamezuia kuku wa Marekani kwa ushuru, Rais Johnson akalipiza. Ugomvi wa kuku ulishaisha zamani, ushuru wa pikapu bado upo. Watu wa Singida mnaojivunia kuku wa kienyeji mjue kuku anaweza kufunga mipaka.

Kilichonigusa zaidi ya vyote lakini ni hiki. Huko China kwenyewe, miji mingi kwa miaka mingi ilikataza pikapu kuingia katikati ya mji. Ilihesabiwa ni lori, gari ya mkulima na fundi ujenzi, sio ya kuonekana nayo mbele ya watu. Yaani hata kwao ilikuwa inapakiwa nyuma ya mbuyu.

Wasiwasi wangu haujaisha. Hawa jamaa wanabadilisha modeli haraka mno, mkopo haujaisha tayari kuna sura mpya na taa mpya na soketi mpya, Hilux inakaa na umbo moja karibu miaka kumi. Maiti zikija na kila moja ina viungo tofauti, Gerezani watafanyia nini? Na kuna sauti nyingine inaniambia tumekaa tunabishana Mjapani na Mchina kama washabiki wa Simba na Yanga, wakati Kibaha tuliwahi kuwa na lori letu wenyewe, Nyumbu, na wengi tunalijua kwa kusimuliwa tu.

## Simu ya fundi

Alhamisi iliyopita nipo dukani namhesabia mtu viungio vya bomba, simu ikaita. Fundi wa Kizota.

"Mama Pampu, nimepata maiti yako."

Mteja alisikia, maana spika ilikuwa juu, akaniangalia akarudi hatua moja nyuma.

Nikafunga duka nikaenda. Ilikuwa imelala pembeni ya ukuta, nyeupe kama yangu, modeli yangu, mwaka wangu. Ilivaa lori usiku njia ya Kibaigwa, dereva alitoka amevunjika mkono, anaendelea vizuri. Mbele hakuna kitu, boneti imekunjwa kama karatasi ya chapati. Ndani kile kioo kikubwa kimepasuka lakini ukigusa kinawaka, kinauliza lugha. Nilisimama pale sijui nifurahi au nitoe pole.

Fundi hakuwa na muda wa mambo hayo. Alishazama, akatoka na kidude cha ukubwa wa kidole gumba, akakifuta kwa shati akaniwekea kwenye kiganja.

"Elfu themanini."

"Elfu themanini kitu cha marehemu?"

"Basi kiache."

Nilikishika vizuri. Tukamalizana sitini, nikamwambia na taa ya kulia anitolee kabisa, ya kwangu ina ufa tangu Mpwapwa.

Akainua mabega. Taa ya kulia, saidi mira na mlango wa nyuma walikuja watu kuvichukua tangu asubuhi.